Dada wa kazi anayelala kwetu ameanza kuchelewa kurudi kutoka mapumzikoni: nimkate mshahara, nimwachishe au nimvumilie?

Mama Pacha, Langoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo kwa miezi miwili sasa limeninyima usingizi, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana najua mazungumzo ya wafanyakazi wa nyumbani huwagawa watu upesi.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi niliyeolewa Lamu, na tunakaa mtaa wa Langoni. Kazi yangu iko Mokowe, ng'ambo upande wa bara, kwa hiyo kila siku ya kazi sina budi kuwa gatini kabla ya saa moja na robo asubuhi ili niwahi boti ya kuvuka. Mume wangu yuko Mombasa kikazi na huja mara moja kwa mwezi. Nyumbani nina watoto pacha wa mwaka mmoja na nusu, pamoja na mama mkwe ambaye miguu yake haimruhusu kushuka ngazi bila kushikwa mkono, na ngazi za nyumba zetu za Lamu mnazijua zilivyo.

Miezi mitano iliyopita nilimpata binti kutoka kisiwa cha Pate, upande wa Siyu, ambaye analala kwetu. Sina la kumlaumu katika kazi yake. Ni msafi, ana heshima, watoto wanampenda, na mama mkwe, ambaye hasifu mtu kwa urahisi, amewahi kusema mbele yangu kwamba mikate ya mofa ya binti huyu inamkumbusha ya mama yake. Namlipa shilingi 10,000 kwa mwezi, chakula na malazi ni juu yetu. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba kila baada ya wiki mbili ataondoka Jumamosi asubuhi kwenda kwao, na atarudi Jumapili kabla ya magharibi.

Nimekuwa nikiandika katika daftari, kwa sababu nilitaka siku ya kusema nisiseme kwa hasira. Amekwenda kwao mara kumi na moja. Mara tano za mwanzo alirudi Jumapili kama tulivyoagana, na jua bado halijatua. Mara ya sita na ya saba alirudi mapema kuliko nilivyomwambia, saa nane mchana tayari yuko jikoni anakuna nazi, hata nikajisemea kwamba sasa kwetu kumekuwa kwao. Kuanzia mara ya nane mambo yakageuka. Mara nne mfululizo amelala huko na kufika Jumatatu. Mara ya kwanza alifika saa saba mchana, na hii ya juzi saa tano. Simu yake siku hizo haipatikani. Nikimuuliza, anatazama chini na jawabu lake ni moja tu: "Maji yalikuwa yametoka, dada." Nami ninajiuliza, maji ya bahari hutoka na kurudi kila siku ya Mungu, vipi yawe yanatoka kwa siku zake tu, na vipi katika miezi mitatu ya mwanzo hayakuwa yakitoka?

Jumatatu hizo nne nimewaacha watoto kwa jirani mara mbili, na mara mbili nimechelewa kazini, na mkubwa wangu ameshanipa onyo la maneno. Mara tatu nimemkata shilingi 500 katika mshahara, hakuteta, lakini hakubadilika. Kuna na jambo dogo la asubuhi: tulikubaliana awe ameamka saa kumi na moja na nusu, lakini siku nyingi hutoka chumbani saa kumi na mbili na dakika ishirini, uji wa watoto haujaiva na mimi nimeshavaa buibui.

Je, nimwandikie barua ya onyo? Nimwongezee makato? Au nitafute mwingine wa hapa mjini asiye na safari za boti?

Mwenye Duka, Mkomani

Wa alaykum salaam, dada. Nimeajiri wafanyakazi wa dukani na wa nyumbani kwa zaidi ya miaka ishirini, na nitakwambia bila kuzunguka. Wewe mwenyewe umeshajijibu kwa daftari lako. Miezi mitatu alikuwa mgeni, akajitahidi. Akaona mmemzoea na mama mkwe amempenda, akalegea. Hayo ya maji yametoka tumeyasikia tangu tukiwa watoto, ndiyo kisingizio cha kila mtu aliyelala harusini. Makato ya shilingi 500 ni madogo. Mkate 1,000, mwambie mara ya pili ni 2,000, na mara ya tatu achukue kikapu chake. Ukimchekea nyani utavuna mabua.

Jirani wa Barani, Malindi

Dada yangu wa Malindi, nikupe la kwangu, maana nilipitia njia hiyohiyo na nikakosea.

Nilikuwa na dada wa kazi kutoka Marafa, naye alikuwa akichelewa siku moja kila akienda kwao. Nami nilikuwa na ujanja ambao nilifundishwa na shoga yangu: mshahara wa mwezi simpi wote kabla ya safari, nampa nusu, nusu nyingine ni rehani ya kumrudisha. Nilijiona hodari. Baada ya muda nikaja kujua, si kwake bali kwa dadake aliyekuja kumtembelea, kwamba ile nusu ilikuwa ikiishia kwa unga, daftari za wadogo zake na deni la dukani siku hiyohiyo ya kufika, na kwamba Jumapili alikuwa akishinda akizunguka kutafuta mtu wa kumkopesha nauli ya matatu. Rehani niliyoiweka ili arudi ndiyo iliyokuwa ikimzuia kurudi.

Siku hizi, dada niliye naye, nauli ya kurudi naituma mimi kwa M-Pesa Jumapili asubuhi, si Jumamosi, na naituma mbali na mshahara. Uliza kwanza nani analipa nauli ya boti, kwa sababu sikuona umelitaja hilo.

Msomaji wa Sheria

Nitaacha mambo ya bahari kwa wanaoyajua na niseme juu ya makato na barua, kwa kuwa naona ushauri wa kuongeza makato umetolewa hapa kana kwamba mwajiri ana uhuru wa kutoza faini anavyopenda. Hana.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamhusu mfanyakazi wa nyumbani sawasawa na karani wa ofisini. Kifungu cha 19 kinaeleza makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya, na kuhusu kutokuwapo kazini kinasema kwamba makato yasizidi mshahara wa siku moja kwa kila siku ya kazi ambayo mfanyakazi hakuwapo kwa siku nzima, bila ruhusa wala sababu halali. Tazama maneno hayo mawili, siku nzima. Binti aliyefika saa tano asubuhi, na ambaye naamini alifanya kazi mpaka usiku wa siku hiyo, hakukosa siku nzima. Tena, shilingi 10,000 ukizigawa kwa siku 26 za kazi unapata kama shilingi 385 kwa siku, kwa hiyo hata kama angekosa Jumatatu yote, 500 imepita kipimo. Hizo 1,500 dada mrudishie, na ushauri wa 1,000 na 2,000 uuache hapahapa.

Jambo la pili huenda halitakufurahisha. Kifungu cha 27 kinampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mnaweza kukubaliana siku hizo ziunganishwe ili apate muda wa kwenda kwao, na kwa mtu wa visiwani hilo ni jambo la busara, lakini katika wiki mbili zinatakiwa kuwa siku mbili kamili. Wewe umempa kutoka Jumamosi asubuhi mpaka Jumapili kabla ya magharibi, na ndani yake kuna safari mbili za baharini. Ukiondoa safari, binti huyu anapumzika usiku mmoja na vipande viwili vya mchana. Kwa hesabu ya sheria, katika wiki mbili yeye anakudai kabla wewe hujamdai.

Kuhusu barua ya onyo, si vibaya, ila barua inatangulizwa na mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na anayetakiwa kuhakikisha umeandikwa ni mwajiri. Karatasi moja inatosha: saa za kazi, siku za kupumzika, mshahara, likizo ya mwaka ambayo haipungui siku 21 za kazi, na namna ya kuagana. Na ukifikia kutaka kumwachisha kwa kosa, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa na umsikilize, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe. Kusikiliza huko ndiko ambako, kwa maelezo yako, bado hakujafanyika. Umemuuliza, akajibu, na jawabu lake hukulichunguza.

Mke wa Nahodha, Faza

Mwanangu Mama Pacha, nimeisoma habari yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Binti huyo amekwambia kweli tupu, na daftari lako ndilo shahidi wake. Nitakueleza taratibu, kwa sababu wewe ni mtu wa Malindi na boti yako ya Mokowe inavuka maji yakijaa na yakipwa. Si ajabu hulijui la Mkanda.

Boti za abiria kutoka Mtangawanda, gati ya huko Pate, na zetu za Faza na Kizingitini, hazipiti nje ya Manda, hasa msimu huu wa upepo wa kusi ambapo huko nje mawimbi hayana mzaha. Zinapita Mkanda, ule mlango mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na mikoko huku. Mkanda ni kina kidogo. Maji yakijaa unapita ukizungumza. Yakitoka, boti iliyojaa watu, magunia na mitungi ya gesi inapwelewa katikati, na hapo mabaharia wanashika upondo, wanaume wanakunja suruali na kushuka kusukuma, na mama mwenye mtoto anakaa juani saa tatu akisubiri maji yarudi. Nimekaa hivyo zaidi ya mara moja, na mume wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kwa hiyo nahodha mwenye akili hana saa ya kuondoka ya ukutani. Anaondoka na maji.

Sasa sikiliza hesabu. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Katika siku saba tofauti inakaribia saa sita, ndiyo maana Jumapili hii maji yakiwa yamejaa alasiri, Jumapili ijayo alasiri yatakuwa yamekupwa. Katika siku 14 yanakaribia kurudi palepale, lakini hayafiki palepale, kwa sababu kutoka mwandamo wa mwezi hadi mwezi mpevu si siku 14 kamili, ni 14 na kama robo tatu. Hicho kipande cha siku kinachobaki ndicho kinachowatesa nyinyi wawili: kila akienda kwao baada ya wiki mbili, Jumapili yake maji hujaa mapema zaidi kwa nusu saa na dakika chache kuliko Jumapili yake iliyopita. Kwa mara moja hakuna anayeona. Kwa mara kumi ni saa sita.

Rudi kwenye daftari lako. Alipoanza kazi, Jumapili zake zilikuwa za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na huku kwetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena mnamo saa kumi, saa kumi na moja jioni. Boti ya Mtangawanda ilikuwa ikiondoka saa nane au tisa, ikapita Mkanda na maji yanayopanda, na binti akafika kwako jua lingalipo. Hizo ni zile mara tano za mwanzo. Maji yakaendelea kusogea nyuma kidogo kidogo, boti nazo zikasogea, na mara ya sita na ya saba boti ikaondoka kabla ya adhuhuri. Ndipo akafika kwako saa nane, ukafurahi. Mwanangu, hakuja mapema kwa kunogewa na kazi. Alikatisha mapumziko yake na kumwacha mama yake ana chungu jikoni, kwa kuwa hapakuwa na boti nyingine. Baada ya hapo boti ikawa inaondoka saa nne au tano asubuhi, na Siyu mpaka Mtangawanda ni safari nyingine ya pikipiki. Wewe umemwambia kabla ya magharibi, naye pengine alitumaini boti ya alasiri, na boti ya alasiri haipo, basi akalala. Jumatatu akapanda ya asubuhi. Na kwa kuwa maji yanaendelea kusogea nyuma, Jumatatu ya kwanza alifika saa saba, na hii ya juzi saa tano. Hakuna mvivu anayechelewa kwa mpango mzuri namna hiyo.

Mtu wa Lamu anaweza kunisahihisha kwamba siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, kupwa kwake si kukavu, na kwamba boti ndogo zinapita. Ni kweli zinapita, zikiwa hazina mzigo. Boti ya abiria ya Jumapili haiko hivyo.

Ukitaka kuhakikisha, muulize mtu mzima yeyote hapo nyumbani Jumapili iliyopita ilikuwa mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Nakukisia ilikuwa mwezi 7 au 8, au kama si hivyo 22. Ikiwa ndivyo, dawa yake ni nyepesi kuliko barua zote: badilisha wiki. Mpe ruhusa Jumamosi hii inayokuja badala ya ile ya baadaye, na Jumapili maji yatakuwa yamejaa mnamo saa kumi. Utaratibu huo utawafaa miezi miwili na nusu hivi, kisha maji yatakuwa yamesogea tena na mtabadilisha tena.

Mwenye Duka, Mkomani

Bi Mkubwa, nimekubali kwa upande wa Mkanda, na naona haya kidogo kwa kuwa marehemu babu yangu alikuwa baharia. Lakini swali langu linabaki: mtu mwenye simu mkononi anashindwa vipi kupiga na kusema, "Leo sina boti"? Mwajiri anayejua saa nane mchana kwamba Jumatatu hana mtu anaweza kujipanga. Anayejua Jumatatu alfajiri amekwama. Hapo mimi bado naona kuna kosa.

Nililea Wanne

Naomba nijibu hilo la simu, na lile la asubuhi ambalo limepitwa, kwa kuwa nimefanya kazi za ndani miaka tisa, Malindi na kisha Lamu, na watoto wanne niliowalea sasa wamenipita urefu.

Kuna maneno ambayo msichana wa kazi hayasemi, si kwa kiburi. Akipiga simu Jumapili kusema hakuna boti, anajua kitakachofuata: sauti ya upande wa pili itapanda, ataambiwa wenzake wanapataje, na huko nyuma mama yake anasikia. Anaona afadhali fedheha moja ya Jumatatu uso kwa uso kuliko mbili. Nami nilizima simu yangu zamani kwa sababu hiyohiyo, tena nikasema chaji ilikwisha. Sisemi alifanya vizuri. Nasema kwamba mara ya kwanza alipotoa sababu ya maji, kama angesikilizwa, mara ya pili angepiga. Na akishakatwa 500 bila kuulizwa, anajifunza kwamba sababu haina thamani, ila kuna bei ya kulala kwao, na bei hiyo ameshailipa.

Sasa asubuhi. Dada Mama Pacha, sikukuona umeandika binti huyu analala saa ngapi. Watu hutaja saa ya kuamka tu. Vyombo vya chakula cha usiku vinaoshwa na nani, na vinakwisha saa ngapi? Mama mkwe akitaka maji ya moto ya kukanda miguu usiku, anamwita nani? Na hao pacha, mmoja wao akilia saa nane za usiku, analia chumba gani? Ukijibu kwamba yeye, na yeye, na chumba chake, basi saa kumi na mbili na dakika ishirini hakuchelewa kuamka. Ameamka mapema kwa mtu aliyelala saa tano na kuinuka mara mbili.

Pale nilipokaa miaka mingi zaidi, mama wa nyumba alifanya mambo mawili. Kwanza, vyombo vya usiku viliachwa kwenye beseni la maji mpaka asubuhi, na wageni walioshangaa alijibizana nao yeye mwenyewe. Pili, nilipewa saa mbili za mchana, baada ya adhuhuri watoto wakilala, na mlango wangu haukugongwa. Sikuwahi kuamshwa asubuhi katika nyumba ile.

Msomaji wa Sheria

Kuongezea hapo: kwa kawaida ya amri ya jumla ya mishahara, wiki ya kazi ni saa 52 kwa siku sita, na zinazozidi zina malipo yake. Kulala nyumbani kwa mwajiri hakumfanyi mtu kuwa kazini saa 24. Mkishaandika ile karatasi, saa ya kulala iandikwe pamoja na ya kuamka.

Mama Pacha, Langoni

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kuwajibu kwa kuwa nilitaka nije na habari, si na shukrani tupu.

Usiku uleule wa kusoma maneno ya Bi Mkubwa wa Faza nilikwenda chumbani kwa mama mkwe na kumuuliza Jumapili iliyopita ilikuwa mwezi ngapi. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye mkeka anaousuka kwamba ilikuwa mwezi 8. Nikamweleza hesabu yote, na nilipomaliza akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Mimi nilidhani wajua, mwanangu. Nilidhani wampa wiki mbovu kusudi ili asikae sana kwao." Miezi miwili tumeishi nyumba moja, yeye akiniona mkatili na mimi nikimwona binti mwongo, na aliyekuwa na jawabu alikuwa amekaa ukumbini anasuka ukili.

Nilimwita binti, nikakaa naye chini jikoni badala ya kumwita ukumbini. Nikamwomba radhi kwa zile 500, nikamrudishia 1,500 mkononi. Nauli, kumbe, alikuwa akijilipia kwenda na kurudi, na mimi katika miezi mitano sikuwahi kuuliza. Nilipomtaka anieleze mwenyewe habari za boti, alisema mambo yaleyale ya Bi Mkubwa kwa maneno machache zaidi, na akaongeza kwamba mara ya nane alikimbia kutoka kwenye pikipiki akaiona boti imeshatoka gatini Mtangawanda, na wenzake wanampungia mkono.

Jumamosi akaenda tena, wiki moja tu baada ya ile safari nyingine, na safari hii nikamwambia aondoke Ijumaa baada ya alasiri akipata boti, ili zitimie siku mbili. Hakupata boti Ijumaa, akaondoka Jumamosi. Jumapili saa nane na robo simu yangu ikalia: "Dada, tumeshaondoka." Saa kumi na dakika ishirini alikuwa akipanda ngazi. Usiku huo mwezi ulikuwa mpevu juu ya kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba, na mama mkwe akaniita makusudi nije niutazame.

La asubuhi bado hatujalimaliza. Maswali ya Nililea Wanne yote matatu jawabu lake lilikuwa yeye, yeye na chumba chake. Pacha mkorofi nimemhamishia kwangu, na kwa siku nne hizi mimi ndiye ninayechelewa kuamka. Vyombo tumeviacha kwenye beseni usiku, ingawa mama mkwe hajalikubali hilo na jana nilimkuta mlangoni mwa jikoni ameshika ukuta, anataka kuviosha mwenyewe. Mkataba nimeuandika ukurasa mmoja, ila kwenye nafasi ya siku za kurudi kutoka kwao sijaandika saa. Kama Bi Mkubwa ana namna ya kuiandika ambayo afisa wa leba na nahodha wote wataielewa, naomba anisaidie.

Mke wa Nahodha, Faza

Andika: "Atarudi Jumapili kwa boti ya maji, na atapiga simu boti ikiondoka." Afisa wa leba akiuliza boti ya maji ni ipi, mlete kwetu Faza siku ya kupwa, atapitia Mkanda.